Vyombo vya Watunga Programu Wetu

Safu hii imezoea kuzungumzia bei ya karafuu, nauli za boti, uchache wa madawati katika skuli zetu na maji yasiyofika ghorofani. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumzie jambo ambalo wengi wao hawajapata kuliona kwa macho, ijapokuwa hapana hata mmoja wao asiyeguswa nalo. Twataka kusema juu ya vyombo vya kazi vya vijana wetu wanaotunga programu za kompyuta, na hasa vile vyombo vidogo vidogo wanavyovipachika katika vihariri vyao, ambavyo huitwa viendelezi.

Habari hii tumeingizwa na bibi mmoja. Miezi michache iliyopita mwandishi wa maneno haya alimsindikiza jirani yake, bibi wa miaka zaidi ya tisini, hadi katika afisi moja ya umma ambayo hatutaitaja, kwenda kubadilisha karatasi zake. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akampa kiti, akaandika majina yake matatu, shehia yake, na mwaka wake wa kuzaliwa, 1929. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena.

"Bibi, mwaka huu haukubaliki," akasema kwa haya.

"Basi mjukuu wangu," bibi akamjibu, "mimi sikuuchagua."

Akaitwa mtunga programu wa afisi ile, naye akaja na kompyuta yake ya mkononi na kuifungua mbele yetu. Akautafuta mstari uliokuwa ukikataa, na alipoufikia, pembeni mwake yakatokea maandishi hafifu ya rangi ya majivu: jina la aliyeuandika mstari ule, tarehe aliyouandika, na sababu yake kwa maneno machache. Maneno yenyewe yalisema kwamba hilo lilikuwa zuio la muda la makosa ya makarani, na kwamba litaondolewa. Ikadhihirika kuwa makarani wa zamani walikuwa wakigeuza tarakimu kwa haraka, mtu wa 1986 wakamwandika 1896. Na mtunga programu wa wakati ule, ambaye amekwishahamia kazi nyingine nje ya kisiwa, akaweka kizuizi cha kukataa kila mwaka ulio kabla ya 1930. Muda ukapita, kizuizi kikasahauliwa, na wazee wetu wakawa ndio wanaokilipia. Kijana aliomba idhini ya mkubwa wake, akairekebisha programu na kuijaribu pembeni kwanza, na Alhamisi bibi akarudi akapata karatasi zake.

Yale maandishi ya rangi ya majivu ndiyo yaliyotufanya tuulize maswali, na majibu tuliyoyapata twaona yafaa kuwafikia wananchi na wakuu wa afisi kwa pamoja.

Programu, kwa wasiojua, ni maandishi. Ni amri nyingi, pengine maelfu kwa maelfu ya mistari, zilizoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta huifuata neno kwa neno bila ya kutumia akili yake, kwa kuwa haina. Kihariri ni mahali yanapoandikiwa maandishi hayo. Kinachotumika kuliko vyote leo ni kile kiitwacho Visual Studio Code, kilichotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 2015, nacho hupatikana bure. Uchunguzi uliofanywa na tovuti ya Stack Overflow mwaka 2024 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watunga programu waliojibu walikuwa wakikitumia. Chenyewe kikiwa kitupu ni chombo chepesi. Nguvu yake nyingi imo katika viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa juu yake kila moja kwa kazi yake, ambazo mtu yeyote duniani aweza kuzitunga na kuziweka katika soko lake la mtandaoni, na mtu mwingine yeyote akazichukua kwa kubofya mara moja.

Wazee wetu wanaounda majahazi watalielewa jambo hili upesi. Fundi ana tezo, ana keekee, ana randa na patasi, na ana vitu vya kukalafatia. Hapana aliye na chombo kimoja cha kazi zote. Walakini fundi mwema pia hajazi kapu lake kwa kila chuma alichokiona sokoni, wala haazimi msumeno kwa mtu asiyemjua akaulaza chini ya mto wake. Twaomba msomaji auweke mfano huu moyoni, kwani tutaurudia.

Kiendelezi kilichomsaidia bibi yetu huitwa GitLens. Kazi yake ni kusoma kumbukumbu za mabadiliko, ambazo watunga programu huziweka kwa chombo kingine kiitwacho Git, na kuzionyesha palepale kwenye mstari unaosomwa. Hapana haja ya kwenda kumtafuta mtu Maskati au Dar es Salaam kumwuliza aliandika nini na kwa nini. Lakini hapa pana sharti ambalo hakuna kiendelezi kinachoweza kulitimiza badala ya binadamu. GitLens huonyesha kilichoandikwa tu. Lau mtunga programu yule angeandika neno "marekebisho" peke yake, kama wafanyavyo wengi wakiwa wamechoka jioni, maandishi yale ya rangi ya majivu yasingetufaa kitu, na bibi angerudi kwao na umri wake usiokubaliwa. Mkuu wa afisi asiyejua hata herufi moja ya lugha za kompyuta aweza kabisa kuwataka vijana wake waandike sababu ya kila badiliko kwa sentensi kamili, kama anavyomtaka karani aandike sababu ya safari katika daftari la gari.

Pana kingine kinachohusiana na ahadi ile ya "litaondolewa". Huitwa Todo Tree. Hupita katika maandishi yote ya programu, kikakusanya kila mahali palipotiwa alama kwamba pana kazi iliyoachwa kiporo, na kuzipanga kazi hizo katika orodha moja pembeni mwa kihariri. Alama hizo kwa kawaida huwa ni maneno ya Kiingereza, lakini mwenye kihariri aweza kuweka ayatakayo. Kwa hiyo afisi ikikubaliana kwamba kila zuio la muda liandikiwe neno REKEBISHA, kila asubuhi mtunga programu atayaona madeni yake yote mbele ya macho. Laiti ahadi ile ingeandikwa hivyo ndani ya programu yenyewe, kwa desturi hii, isingelala miaka yote ile bila ya kuonekana na mtu.

Kwa upande wa maneno, kipo kiitwacho Code Spell Checker, ambacho hutafuta makosa ya tahajia ndani ya programu, na huweza hata kuyatenganisha maneno yaliyounganishwa kuwa neno moja kama ilivyo desturi ya fani hiyo. Kwa mazoea yake ya kwanza hujua Kiingereza, basi kwake Mkokotoni ni kosa, Micheweni ni kosa, na sheha ni kosa. Vijana wengi wakiona mistari ya makosa imejaa huudhika na kukifuta. Wamekosea. Kiendelezi hiki hukubali kupewa orodha ya maneno ya afisi, ikahifadhiwa pamoja na programu, na kila mwenye kuifungua programu ile akaipata. Majina ya shehia zote za Unguja na Pemba yakiandikwa mara moja kwa tahajia iliyokubaliwa, basi mtu akiandika Michweni ataonywa papo hapo. Tusilione dogo jambo hili. Sehemu moja ya programu ikiliandika jina la mahali kwa namna moja na sehemu nyingine kwa namna nyingine, kompyuta huhesabu mahali pawili, na hesabu ya wanafunzi au ya chanjo hutoka pungufu bila ya mtu kujua kwa nini.

Vile vinavyohusu mpangilio wa maandishi tutavipita upesi. EditorConfig huweka kanuni za nafasi na mistari katika faili moja ambalo vihariri vingi hulifuata. Prettier, kilichoanza mwaka 2017, huyapanga upya maandishi kila yanapohifadhiwa, na hivyo kuua ugomvi usiokwisha wa vijana juu ya nani anapanga vizuri. ESLint, kilichoanza mwaka 2013 kwa lugha ya JavaScript, huonya juu ya makosa ya mantiki, kwa mfano kitu kilichopewa jina na kisitumike. Wenye kutunga kwa PHP hufaidika na Intelephense. Na aliye mbali na seva yake aweza kutumia Remote - SSH, ambacho Microsoft ilikitoa mwaka 2019, akafanya kazi ndani ya seva hiyo kana kwamba ameketi mbele yake. Jambo la manufaa kwa aliyeko Wete na seva iko mjini Unguja.

Sasa twende kwenye mazito.

Kiendelezi kikishawekwa, hufanya kazi kwa mamlaka yote ya mtu aliyekiweka. Afunguacho yeye, nacho chaweza kufungua. Faili asomalo yeye, nacho chaweza kusoma, na kulipeleka kitakako. Kijana anayetunga programu ya afisi ya umma aghalabu huwa na funguo za seva katika kompyuta ileile, na nyuma ya funguo hizo yamo majina yetu, tarehe zetu, namba zetu za simu na magonjwa yetu. Kwa hiyo kumkaribisha mgeni katika kihariri ni sawa na kumpa funguo za nyumba, na za nyumba za majirani wote juu yake.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwezi Julai 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza kisa cha mtunga programu mmoja wa Urusi aliyetafuta kiendelezi cha lugha iitwayo Solidity. Kilichotokea juu katika orodha kilikuwa cha bandia, na cha kweli kilikuwa chini yake. Akakichukua cha juu. Hakikumfanyia kazi yoyote ya ile kiliyoahidi, akadhani kina hitilafu tu akaendelea na shughuli zake. Kumbe kilikuwa kimewafungulia wezi mlango wa kompyuta yake, nao wakamchukulia fedha za kidijitali zenye thamani ya dola 500,000 hivi. Kilipoondolewa sokoni, walewale wakaleta kingine, safari hii wakiwa wameliiga jina la mtungaji wa kweli kwa kubadilisha herufi moja tu, l ndogo wakaifanya I kubwa, ambazo katika kioo cha kihariri hazitofautiani kwa macho. Na mwezi Oktoba mwaka huohuo watafiti wakaeleza juu ya mdudu waliyempa jina la GlassWorm, aliyejificha ndani ya viendelezi kwa herufi zisizoonekana kabisa, akiiba funguo za watunga programu na kuzitumia kujisambaza katika viendelezi vya watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba wenye soko ndio wa kulinda, na kweli wanajitahidi. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 kihariri humwuliza mtu, kabla ya kuchukua cha mtungaji mgeni kwake, kama kweli anamwamini. Lakini hata wenye soko hubabaika. Mwezi Februari 2025 Microsoft ilikiondoa kiendelezi kimoja cha rangi kilichokuwa kimewekwa na watu mamilioni, kwa shaka kwamba kina maandishi ya hila. Baadaye ikachunguza tena, ikakirudisha na kuomba radhi. Ikiwa wao wenye soko waliweza kukosea kwa upande huo, kijana wetu aliye peke yake saa nane usiku atakosea kwa upande mwingine. Bunge la Jamhuri ya Muungano limekwishapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayowataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Hatudhani kwamba sheria hiyo itatosheka na jibu la kwamba aliyezitoa taarifa alikuwa akitafuta rangi nzuri za kihariri chake.

Kadhalika vipo viendelezi vinavyomsaidia mtunga programu kwa akili mnemba, kama GitHub Copilot kilichofunguliwa kwa wote mwaka 2022. Vinaandika haraka, na tumeona vijana wakivisifu. Sisi hatuvikatai. Twasema tu kwamba ili vijibu, hupeleka sehemu ya maandishi kwenye kompyuta za mbali, na kwa hiyo mwenye kuvitumia hana budi kuhakikisha kwamba ndani ya maandishi hayo hamna neno la siri wala orodha ya majina ya watu iliyoachwa humo kwa majaribio. Uamuzi huo ni wa afisi, na usiachiwe kijana mmoja.

Jambo jingine ambalo wachache hulifikiri ni kwamba kiendelezi huzeeka. Kwa miaka kadhaa watu mamilioni walitumia kimoja kilichopaka mabano rangi ili jozi zake zionekane. Mwaka 2021 kazi hiyo iliingizwa ndani ya kihariri chenyewe, ikawa inafanyika kwa kasi isiyo na kifani, na kile cha zamani kikabaki kuwa mzigo wa kukipunguzia kihariri mwendo. Hata yale maandishi ya rangi ya majivu yaliyomwokoa bibi yetu, tangu mwisho wa 2024 kihariri chaweza kuyaonyesha chenyewe kwa kuwasha swichi moja tu. Kijana wa afisi ile alituhesabia vyake mbele yetu, vikawa arubaini na moja. Alipoulizwa vingapi anavitumia akacheka. Kimojawapo kilikuwa cha kuweka paka wa katuni pembeni mwa kioo.

Twarudi basi kwenye kapu la fundi. Ipo njia, tena haina gharama. Kila programu ya afisi yaweza kuwa na faili dogo liitwalo extensions.json, linalotaja viendelezi vinavyopendekezwa kwa kazi ile. Mgeni akiifungua programu hiyo kwa mara ya kwanza, kihariri chenyewe humwambia anahitaji vipi. Hivyo anayerithi kazi ya aliyeondoka huanza na kapu lilelile. Na tangu toleo la 1.96, lililotoka mwisho wa 2024, kihariri kina kanuni iitwayo extensions.allowed, ambayo kwayo mkuu wa kompyuta wa afisi aweza kuamuru kwamba ni viendelezi hivi tu, vya watungaji hawa tu, vinavyoruhusiwa, na vingine vyote vikakataliwa. Twaona ajabu kwamba afisi inayotaka sahihi tatu ili kununua rimu moja ya karatasi haina hata sahihi moja kwa ajili ya hili.

Orodha fupi ina faida nyingine ambayo sisi wa visiwani twaijua zaidi ya watu wa bara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikawa shida kote nchini. Soko la viendelezi likawa halifikiki kwa urahisi. Lakini kila kiendelezi huweza kuhifadhiwa kama faili lenye mwisho wa .vsix, likabebwa katika diski ya mfukoni kutoka Malindi hadi Mkoani kwa boti, likawekwa katika kompyuta isiyo na mtandao kabisa. Viendelezi tisa vilivyohakikiwa hutosha katika diski ndogo kuliko zote zinazouzwa Darajani. Na kwa wale wanaoikumbuka giza ya Unguja ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na wanaochelea umeme kukatika katikati ya mstari, kihariri hiki huhifadhi kazi chenyewe mtu akikiamuru, tena bila ya kiendelezi chochote.

Tulipopita tena katika afisi ile wiki iliyopita, kijana alikuwa amebakiwa na viendelezi tisa, na majina yake ameyaandika kwa mkono katika karatasi aliyoibandika ukutani, kila kimoja na mtungaji wake na tarehe kilipohakikiwa. Karatasi ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mkubwa wake, nayo bado ilikuwa tupu. Paka hakuwamo.